Dege, Nyuni na Homa ya Watoto

Tumeulizwa na ndugu zetu wa darasa: Je, yafaa Muislamu kusadiki kwamba yuko ndege wa kishetani arukaye usiku juu ya mapaa, na kivuli chake kikimwangukia mtoto mchanga humtia mtukutiko hata akafa? Suala hili si la mzaha. Katika miji yetu, kutoka Tiwi mpaka Vanga, si haba watoto waliozikwa kwa sababu ya jawabu lake.

Ndege huyo twamjua sote. Waswahili humwita dege, na maradhi yake degedege. Wengine, na Wadigo miongoni mwao, husema nyuni. Mtoto apandapo homa akageuza macho, akakaza meno na kutukutika viungo, husemwa kuwa amepitiwa. Hapo huitwa mganga. Mtoto hufukizwa, hufungwa hirizi, hunyweshwa kombe. Na hakosi mzee wa kusimama mlangoni akaonya kuwa sindano ya hospitali humwua mtoto wa dege.

Wala tusidhani kuwa ni sisi peke yetu. Katika visiwa vya Ufilipino, ng'ambo ya bahari zote hizi, watu humwogopa aswang, kiumbe ajigeuzaye na kuruka usiku. Padri mmoja wa Kihispania, Juan de Plasencia, alimtaja katika maandishi yake mwaka 1589. Yuko na mwenziwe, manananggal, mwanamke ambaye husemwa hujikata kiunoni, nusu ya juu ikaota mabawa ya popo, ikaenda kutua juu ya paa la mwenye mimba. Husemwa pia kuwa sauti ya ndege wa usiku ikisikika kwa mbali, ndipo adui yu karibu. Watu wale hawakuazima hadithi hii kwetu, wala sisi hatukuiazima kwao. Twaona sisi kuwa kilichowakutanisha ni msiba mmoja: mtoto aliyelala mzima akapambazuka maiti, na mama asiye na wa kumweleza kwa nini.

Ama majini, wako. Qur'ani ina sura nzima kwa jina lao, na mwenye kuwakanusha amekanusha Kitabu. Lakini kuamini majini si kuamini kila kitishacho gizani. Waarabu wa zama za Jahilia nao walikuwa na ndege wao, hama, waliyedai kuwa hutoka katika kichwa cha aliyeuawa, akalia mpaka kisasi kilipwe. Na walikuwa na ghuli, zimwi la jangwani. Mtume (s.a.w.) aliwakanusha wote wawili. Hadithi ya hama imo katika Bukhari na Muslim, na ya ghuli imo katika Muslim. Wako maulamaa waliosema kuwa kilichokanushwa kwa ghuli ni uwezo wake wa kupoteza watu, si kuwako kwake. Na hata tukiishika kauli hiyo, dege wetu atasalia na uwezo gani juu ya mtoto?

Tena tukumbuke siku ya Ibrahim. Mwana huyo wa Mtume alifariki angali ananyonya, katika mwaka wa 10 wa Hijra, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa mauti yake. Baba aliyefiwa angaliweza kunyamaza, na maneno yale yangalimpa utukufu. Hakunyamaza. Aliwaambia kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake.

Basi huyo arukaye usiku ni nani? Wazee hawakukosa kumwogopa, walikosea umbo lake tu. Mwaka 1897, huko Uhindi, daktari Ronald Ross aliviona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Mbu jike humwuma mtoto usiku. Vijidudu huingia katika damu, na vikizidi huziba mishipa myembamba ya ubongo. Ndipo macho yakageuka. Si kila degedege ni malaria. Homa nyingine huleta hali hiyo, na maradhi ya utando wa ubongo pia, na hospitali ndiyo ipimayo ikajua. Jirani zetu wa Kilifi walijaribiwa kwa vyandarua vilivyotiwa dawa, baina ya mwaka 1993 na 1995, na vifo vya watoto wadogo vikapungua kwa kadiri ya theluthi moja. Dege gani huyo akimbiaye chandarua?

Na hiyo sindano isemwayo kuwa huua: mtoto aliyekaa siku mbili kwa mganga hufika hospitali roho i kooni, akadungwa, akafa. Walio mlangoni wameiona sindano. Zile siku mbili hawakuzihesabu.

Mtoto akishikwa, alazwe kwa ubavu, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni. Kombe asinyweshwe, aliandike aliyeliandika, kwani mwenye kutukutika hamezi, litampalia. Apelekwe Msambweni, au Kwale, au zahanati iliyo karibu, usiku huo huo, wala isingojwe asubuhi. Ama dua haikukatazwa. Mama na asome njiani, mtoto akiwa mapajani.