Kitenzi 'Choma' na Istilahi za Madini ya Mfupa

Sakina, kama kwingineko Arusha, mkaa huchomwa, matofali huchomwa, na vyungu pia. Katika matumizi haya yambwa ndiyo inayobainisha mchakato. Mfupa hauna uwezo huo.

Huko Ngurdoto, ambako mkaa wa mifupa umetumiwa kupunguza floraidi katika maji ya miteremko ya Mlima Meru, mifupa huchomwa kwa hewa haba, nyuzi 400 hadi 500 hivi za Selsiasi. Ikizidishiwa moto ikawa jivu jeupe, uwezo wake wa kunasa floraidi hupungua sana. Madini hayohayo, haidroksiapatiti, hutengenezewa vipandikizi vya kuziba mapengo ya mifupa. Lakini joto hufikishwa takriban nyuzi 1,000 hadi 1,300. Chembe huungana, vitundu hupungua, kipandikizi huwa imara, ila mwili hukinyonya polepole. Na vitundu vikizibika mno, mfupa mpya hukosa pa kupenya.

Basi 'kuchoma mifupa' ni istilahi tata, na utata huu si wa nadharia tu: fundi akiufuata mwongozo ulioandikwa hivyo aweza kuharibu chujio zima. Yafaa 'kuchoma mkaa wa mifupa' ubaki kwa mchakato wa kwanza, na wa pili uitwe 'kuumanisha', kwani kinachotakiwa ni chembe kuumana, si kuungua. 'Kuoka' hakufai, kunanukia mkate.