Kupima Pipa la Asali

Enzi za misafara ya Bagamoyo na Ujiji, wapagazi waliopita Tabora walipimiwa posho kwa kibaba. Kibaba ni kipimo cha ujazo, wala si cha uzito. Na kuchanganya mambo hayo mawili kungali kukiwapunja warina asali haki yao.

Ndugu Katibu achukue pipa lenye umbo la mcheduara, kipenyo cha ndani sentimeta 56, kimo sentimeta 80. Nusukipenyo ni 28. Eneo la kitako ni 22/7 × 28 × 28, yaani sentimeta za mraba 2,464. Likizidishwa kwa kimo, ujazo ni sentimeta za ujazo 197,120, karibu lita 197.

Hapo ndipo wengine huandika kilo 197, kana kwamba pipa lina maji. Lita moja ya asali iliyokomaa ina uzito wa kilo 1.4 hivi, pipa hilo lina kilo 276. Kilo 79 zilizopotea ni jasho la mrina aliyelala porini Sikonge majuma kadhaa. Hata hivyo, hesabu hii ni ya kuukagua mzani, si ya kushika nafasi yake, maana asali yenye majimaji ni nyepesi zaidi.

Asali hula chuma, hivyo pipa la chuma tupu hupakwa nta ndani. Ubavu ni 2 × 22/7 × 28 × 80, yaani 14,080. Kitako na kifuniko 4,928. Jumla ni 19,008, karibu meta za mraba 1.9. Mapipa 10 yahitaji nta ya kutosha meta za mraba 19, na kifuniko, ambacho husahauliwa mara nyingi, kimo ndani ya hesabu hiyo.