Ng'oeni Misumari: Bibi Shamba Ajibu Barua

Jinsi ya kutengeneza tuta sitaeleza. Aliyewahi kushika jembe anajua, na asiyejua amuulize jirani. Mwezi huu nimechagua barua zilizonikera, pamoja na mbili tatu zilizonitia hofu.

Shikamoo Bibi Shamba. Mpapai wangu umepita mwaka, unatoa maua tu, hauzai. Fundi mmoja hapa mtaani kasema nipigilie msumari wa inchi nne kwenye shina, eti utageuka jike. Nipigilie usawa gani? (Chanika. Wa Kibaha, Tanga na Mombasa wameuliza hilo hilo. Mmoja kaambiwa aufunge kanga kuukuu, mwingine autishie panga alfajiri.)

Marahaba. Usawa wowote utakaopigilia, umepoteza msumari. Kuupigilia mpapai dume msumari ni kumchapa jogoo ukingoja mayai.

Jinsia ya mpapai huamuliwa ndani ya mbegu, kabla hujaifukia. Na mipapai ni ya aina tatu, si mbili. Dume hutoa vikonyo virefu vinavyoning'inia, vimejaa maua madogo membamba. Jike hutoa ua nene lililobana karibu na shina, na ukilipasua unakuta kitunda kichanga ndani. Aina ya tatu ina jinsi mbili: ua moja limebeba kiume na kike, linajichavusha lenyewe, na papai lake huwa refu. Papai la jike huwa la mviringo zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuuita mti wako dume, nenda ukatazame maua. Nusu ya "madume" ninayoitiwa ni majike yasiyo na dume karibu, au miti yenye njaa na kiu inayopukutisha maua yake ya kwanza.

Mbona basi watu wazima wanaapa kwamba msumari uliwafanyia kazi? Kwanza, wengi walipigilia mti ambao haukuwa dume. Ungezaa tu, ila msumari ndio ukapewa sifa. Pili, na hapa ndipo waganga wa mipapai wanapopatia riziki, mpapai dume wakati mwingine hubadili maua yake wenyewe. Hali ya hewa ikigeuka, au shina likijeruhiwa au likikatwa kichwa, baadhi ya maua huota sehemu ya kike na utaona vipapai vichache vikining'inia kwenye vile vikonyo virefu. Mti ni dume vilevile. Msimu ukipita hurudi kwenye maua yake matupu, na wakati huo fundi keshalipwa. Tatu, waliopigilia wakaambulia patupu hawaendi kibarazani kusimulia. Mnawasikia waliobahatika peke yao.

Msumari wenyewe una madhara. Shina la mpapai ni laini, na likikomaa lina uwazi ndani. Ukilitoboa, maji yanaingia, uozo unafuata, na siku ya upepo mti unalala juu ya banda la kuku.

Fanya hivi. Kila shimo lioteshe miche mitatu, mmoja na mwenzake waachane kama sentimita 25. Usipunguze mpaka ichanue, kwa kawaida miezi mitano hadi minane. Ndipo ubakize mmoja unaoutaka. Mbegu ikitoka kwenye jike lililochavushwa na dume, takriban nusu ya miche itakuwa dume. Kwa miche mitatu, uwezekano wa kupata madume matupu ni shimo moja kati ya manane. Ukipata mbegu za papai refu kutoka mti wa jinsi mbili uliojichavusha wenyewe, hutapata dume hata moja: theluthi mbili zitakuwa za jinsi mbili, theluthi majike. Mwenye majike mengi abakize dume moja kwa kila majike kumi hivi, maana bila chavua hakuna papai. Hilo nalo mnalisahau: mnafyeka madume yote kwa hasira, halafu mnanilalamikia majike.

Mwenye uwanja wa mti mmoja na mti huo ni dume, akate. Apande mwingine. Mwaka aliotumia kuubembeleza ungetosha kuanza upya.

Je, ni kweli mwanamke aliye kwenye siku zake akipita kwenye maboga yanaoza?

Si kweli.

Maboga yangu yanafunga, yanafika ukubwa wa yai, yanakuwa ya njano na kuanguka. Mama mkwe anasema kuna jirani mwenye jicho. (Morogoro, na wengine.)

Jirani muacheni. Maboga hubeba maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja, na lile "boga" la ukubwa wa yai linakuja na ua jike hata kabla halijachavushwa. Nyuki asipolitembelea, linanyauka na kuanguka. Ua lenyewe hufunguka asubuhi moja tu, jua likipanda limekwisha. Ninyi mnapuliza dawa ya wadudu asubuhi hiyo hiyo, mnaua nyuki, kisha mnamtafuta mchawi. Kama nyuki ni haba kwako, amka mapema, chuma ua dume, lile la kikonyo chembamba kisicho na kiboga chini yake, lichambue petali na uguse unga wake katikati ya ua jike. Ua dume moja linatosha majike mawili matatu.

Nyanya zangu zinakuwa nyeusi chini, kama zimeunguzwa, zikiwa bado mbichi. Nimepuliza dawa ya ukungu mara tatu. (Barua za Iringa, Dodoma, Ukonga na Thika nimeziunganisha.)

Acha kupuliza. Huko ni kuoza kitako, na si ukungu, si bakteria, wala hakuambukizi nyanya ya pembeni. Tunda limekosa kalsiamu. Msikimbilie kununua kalsiamu, kwa sababu mara nyingi udongo wenu unayo ya kutosha. Kinachokosekana ni maji ya kuipandisha. Kalsiamu husafiri na maji kutoka mizizini, na majani yanayopumua sana huyavuta kuliko tunda. Siku mmea ukipata kiu, kitako cha tunda, ambako ndiko mbali zaidi, kinakosa mgao na kufa. Mkulima wa nyumbani anamwagilia Jumatatu mpaka bwawa, anasahau mpaka Ijumaa, halafu anarudi na ndoo tatu. Hapo ndipo kitako kinapooza.

Kwa jua letu, hesabu lita tano kwa kila mita ya mraba kwa siku. Dumu la lita 20 ni la mita nne. Kama unamwagilia kila baada ya siku moja, ongeza kiasi, lakini usiruke zamu. Tandaza nyasi kavu unene wa vidole vinne ili udongo usikauke haraka. Palilia juu juu, usikate mizizi. Na punguza urea: mmea ulioshiba naitrojeni unatanua majani, na majani hayo ndiyo yanayonyang'anya tunda maji. Nyanya ndefu za aina ya Roma huathirika zaidi. Zilizokwisha kuoza hazitapona. Zichume, zisiunyonye mmea. Matunda yatakayofuata yatakuja salama.

Maganda ya mayai mliyoyafukia kwa ajili ya kalsiamu huchukua muda mrefu sana kuoza. Hayatawasaidia msimu huu.

Nyanya zimenyauka ghafla zikiwa bado kijani, usiku zinainuka, mchana zinalala, siku ya nne zimekufa. Niweke majivu?

Majivu hayatibu. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kama urefu wa kidole, kining'inize kwenye glasi ya maji safi na ungoje dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, ni mnyauko bakteria, na hauna dawa. Ng'oa na mizizi yake, choma, usitupe kwenye shimo la mboji. Pale usipande tena nyanya, nyanya chungu, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Weka mahindi au vitunguu. Mwenye uwanja mdogo apande nyanya kwenye viroba, kwa udongo uliotoka kwingine.

Nimeweka samadi ya kuku moja kwa moja kutoka bandani na mchicha umeungua.

Nilitarajia. Samadi mbichi ya kuku ni kali. Ilundike, ilowanishe, ifunike, igeuze kila wiki, na usiiguse kabla ya miezi miwili. Iliyoiva haichomi pua na haina joto ukiingiza mkono.

Kumwagilia mchana kunaunguza majani?

Hapana. Kunapoteza maji.

Kisima chetu kina chumvi. Tumeambiwa tuchemshe maji au tutie majivu. (Kigamboni, Bagamoyo.)

Ukichemsha, maji yanapungua na chumvi inabaki, kwa hiyo umeyafanya makali zaidi. Majivu yenyewe yana chumvi. Badilisheni mazao: spinachi na mchicha vinavumilia, nyanya kwa kiasi, lakini maharage, karoti na vitunguu msijisumbue. Mwagilieni chini, si juu ya majani, na mmwage maji mengi kwa mkupuo badala ya kunyunyiza kidogo kidogo, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Tuta liwe la kupitisha maji, lenye samadi iliyoiva. Maji ya mvua mkiyakinga kwenye pipa, wekeni kwa ajili ya kitalu. Mche mchanga ndio unaoumia kwanza.

Sukuma wiki imejaa vidukari. Nimetumia sabuni ya unga ya kufulia.

Ndiyo maana majani yamekauka. Vidukari vichache vifute kwa kidole au vipige kwa maji ya nguvu chini ya jani. Vikizidi, tumia sabuni ya mche iliyokwanguliwa, vijiko viwili vya chai kwa lita moja ya maji, upulize jioni mpaka impate mdudu mwenyewe, kwa kuwa ikikauka haina kazi. Mwarobaini pia unafaa: twanga kiini cha mbegu gramu 50, loweka usiku kucha kwenye lita moja, chuja, puliza jioni. Msiuanike juani wala kuuweka wiki nzima, nguvu yake inapotea.

Nilinunua dawa ya viwavi vya mchicha, muuzaji kanipimia kwenye chupa ya maji ya kunywa. Napuliza leo, naweza kuchuma lini? Tuna mtoto wa miaka miwili. (Mbagala.)

Barua hii imenikosesha raha, na haiko peke yake. Mwanangu, sijui ulichonunua, na wewe hujui, na yawezekana muuzaji naye hajui. Lebo ndiyo inayosema dawa ni ya zao gani, inachanganywaje, na usubiri siku ngapi kabla ya kuchuma. Kwenye chupa yako hayo hayamo. Tanzania viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Anayevimimina kwenye chupa za maji anauza bila lebo kitu kinachoua.

Halafu fikiri: mchicha uko tayari kung'olewa wiki tatu hadi nne baada ya kusiwa. Dawa inayotaka usubiri siku 14 inakula nusu ya maisha ya mboga. Kwa tuta la nyumbani hakuna sababu yoyote ya kuipuliza. Kiwavi anayekunja jani na kulifunga kwa utando mbonyeze pale pale. Sia kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili, ng'oa mchicha mapema, na tuta lililoliwa sana lifyeke upe kuku, ilimradi halijapulizwa.

Mchicha uliokwisha kuupuliza usiuchume. Ng'oa ufukie mbali na kuku. Chupa hiyo iondoe nyumbani leo, kabla mtoto hajaifikia. Usiimimine chooni wala mtaroni, na usiioshe ukaitumia tena. Ifunge, iandike SUMU kwa herufi kubwa, na uipeleke kwa afisa kilimo wa kata yako. Mwambie na duka ulikonunua.