Ukiahidiwa Kongosho Jipya: Mwongozo kwa Mzazi wa Tegeta

Habari kwamba kisukari aina ya kwanza kimepata tiba ya kudumu huzunguka kwenye simu mara kwa mara, na mzazi anayemchoma mwanawe insulini kila siku hawezi kuipuuza. Ikikufikia hapo Tegeta, iwe Nyuki au Kibaoni, fanya hivi.

1. Usisimamishe sindano. Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza akikosa insulini, damu yake hujaa asidi, naye huanza kutapika na kuhema, na anaweza kufa.

2. Uliza kinachopandikizwa ni nini. Si lazima kiwe kongosho zima. Huweza kuwa visiwa vya Langerhans, yaani vifundo vidogo vya seli zinazotengeneza insulini, vilivyotolewa kwenye kongosho la marehemu na kudungwa kwenye mshipa unaopeleka damu kwenye ini.

3. Uliza seli hizo zitapataje damu. Hapa usikubali kukatizwa. Visiwa ni asilimia 1 au 2 tu ya kongosho, lakini hunywa damu nyingi kuliko ukubwa wake. Vinapotenganishwa, mishipa yake hukatika. Vikishafika kwenye ini hutegemea oksijeni inayopenya kutoka damu ya jirani, na seli za katikati ndizo hufa kwanza. Zilizosalia hutoa kemikali za kuita mishipa mipya. Hiyo huanza kuchipua baada ya siku chache na huchukua kama wiki mbili kuenea. Kwa hiyo mgonjwa huendelea kupewa insulini baada ya upandikizaji, seli zisielemewe na sukari, na mara nyingi huhitaji makongosho ya watu wawili au zaidi. Anayekuahidi uponyaji wa papo hapo na jambo hili halijui ni mpiga debe. Usimpe hela.

4. Uliza gharama kwa mwili. Mgonjwa hutumia dawa za kushusha kinga muda wote visiwa vinapofanya kazi, na dawa hizo huleta maambukizi na huweza kuumiza figo. Marekani iliidhinisha tiba hii Juni 2023 kwa watu wazima ambao sukari yao hushuka vibaya mara kwa mara, si kwa watoto. Katika majaribio yake, kati ya watu 30, 21 walikaa mwaka au zaidi bila insulini. Watano hawakupata hata siku moja bila insulini. Ni hatua kubwa kweli, na naiombea ifike kwetu. Si ndoto, maana Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017.

5. Peleka ujumbe huo kwenye kliniki anakohudhuria mtoto, daktari ausome mwenyewe.

6. Linda insulini uliyo nayo. Ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na friza. Umeme ukikatika, ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, iweke ndani ya chungu kidogo kilichokaa kwenye chungu kikubwa, mchanga uliolowa ukiwa katikati, kivulini penye upepo. Andika tarehe ya kufungua kwenye kichupa. Zikipita wiki nne, chukua kingine. Iliyoganda itupe.