HALINGI, MCHEZO WA FIMBO WA WAIRLANDI



Wengi kati yetu tunajua mpira wa miguu tu. Kule Irlandi kuna mchezo wa zamani zaidi, jina lake halingi. Ekipi ni mbili, kila moja watu 15. Kila mchezaji ana fimbo yenye ncha pana, wao wanaiita kamani. Inachongwa katika mti wa frêne, pale chini karibu na mizizi, kwa kuwa pale mti unajipinda wenyewe na fimbo haivunjiki upesi. Mpira ni mdogo, wa ngozi. Ukipita chini ya mti wa kulala wa goli, ni pointi 3. Ukipita juu yake, ni 1. (Dada zetu msinung'unike: kule wasichana wana chama chao tangu 1904.)

Mwaka 1366, kule Kilkenny, watawala Waingereza walikataza wakoloni wao wasiucheze, sababu walikuwa wanafuata desturi za wenyeji. Amri ile haikuuweza. Njaa iliyoanza 1845 ndiyo iliyoudhoofisha sana: viazi vilioza, watu karibu milioni moja wakafa, wengine milioni wakahama. Nani atacheza kama vijana wamekwenda?

Kiisha, tarehe 1 Novemba 1884, mwalimu Michael Cusack na wenzake wachache walikutana hotelini katika mji wa Thurles, wakaanzisha chama cha michezo ya kwao. Ekipi zikafuata parokia. Hata leo wachezaji hawana mshahara: Jumapili wanatazamwa na watu zaidi ya 80,000 Croke Park, Dublin, kiisha wanarudi kazini.

Lakini chama kilikuwa na sheria kali. Mtu akicheza mpira wa miguu au akienda kuutazama tu, anafukuzwa. Mwaka 1938 sheria ile ilimpata Douglas Hyde, rais wa nchi mwenyewe! Huyu ni mtoto wa pasta Mprotestanti, aliyetumika miaka mingi kuokoa lugha ya Kigaeli. Alitazama Irlandi na Poland wakicheza, wakamwondoa katika ulezi wa chama. Mimi naona walikosa. Nani alipenda urithi wao kumpita yeye? Sheria ilifutwa 1971, na halingi haikufa. Mwaka 2018 UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Sasa taabu iko kwa mti. Ugonjwa wa kuvu ulionekana Irlandi mwaka 2012, unaua miti ya frêne, na wachongaji wengine wameanza kutengeneza kamani za mianzi.