MIKONO YA MTOTO NA KAZI ZA MUNGU
Somo kwa wazazi na walimu wa Shule ya Jumapili

Soma kwanza: Zaburi 104; Mathayo 6:25-30; Marko 4:26-29.



Mtoto wa miaka mitano aweza kuimba sehemu zote za mmea: mzizi, shina, jani, ua na tunda. Lakini mpe mche uliong'olewa, umwulize mzizi ni upi, naye atakutazama tu. Amepewa maneno matupu. Katika imani ni vivyo hivyo. Kila Jumapili twamwambia kwamba Mungu aliumba vitu vyote, bali hatumpi hata kimoja akishike.

Bwana wetu alipotaka kuwaondolea watu wasiwasi, aliwaelekeza kwa ndege na maua, vitu walivyovijua kwa macho yao. Walimu nao wameliona jambo hili. Daktari Maria Montessori wa Italia, aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo huko Roma mwaka 1907, alisisitiza kwamba mtoto hujifunza kwa mikono na kwa milango yote ya fahamu.

Haya ni mazoezi manne yasiyohitaji fedha.

1. Kugusa. Leteni udongo wa kichanga na wa mfinyanzi. Kila mtoto aulowanishe kidogo, kisha ajaribu kuufinyanga uwe kama kamba. Mfinyanzi utakubali, kichanga kitameguka. Hapo mwulizeni ni upi wa kutengenezea chungu, na ni upi unaopitisha maji upesi.

2. Kunusa. Mtoto afumbe macho. Pikicheni jani la mchaichai, la mlimau na la kivumbasi, moja moja, naye ataje. Asiyeweza kusoma, na hata asiyeona, huweza kuwa wa kwanza katika zoezi hili.

3. Kusikia. Kaeni chini ya mti, kimya kabisa, kwa muda wa kusali Baba Yetu mara mbili. Kila mtoto ahesabu kwa vidole sauti alizozisikia.

4. Kuona. Lowekeni kunde usiku mmoja. Zipangeni katika bilauri, kati ya kioo na kitambaa chenye unyevu. Baada ya siku chache mzizi hutokea kwanza, nao huelekea chini. Laza bilauri ubavu: mzizi utapinda na kuelekea chini tena, kwa kuwa mmea huhisi mvuto wa ardhi. Ndipo msome ule mfano wa mbegu katika Marko. Watoto watauelewa, maana wameiona ikiota wakati wao wamelala.

Angalizo. Kuonja kuwe kwa matunda yaliyooshwa tu, tena kwa ruhusa ya mkubwa. Mbegu za nyonyo ni sumu. Utomvu wa mnyaa hudhuru macho. Upupu na viwavi vyenye manyoya huwasha. Mkubwa atangulie kukagua mahali, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kazi.

Mtoto akiuliza, tusikimbilie kumjibu. Tumwambie, "Hebu tutazame tena." Jibu alilolipata mwenyewe halimtoki upesi. Na akikamata panzi, amtazame, kisha amwachie huru palepale alipomkamata. Hapa ndipo penye uzito wa somo letu. Ikiwa twamwachia mtoto apige ndege kwa manati na kuvunja miche kwa mchezo, tutamfundishaje kesho kwamba viumbe ni mali ya Mungu? Aliyemwagilia kunde yake siku kumi amekwisha kujua uhai unavyokua polepole, naye huona uchungu ukiharibiwa. Udongo uwahi ungali maji.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:
(a) Ni kiumbe gani kilicho karibu na nyumba yetu ambacho hatujawahi kukitazama vizuri?
(b) Watoto wetu hutuona tukiitendeaje miti, maji na wanyama?
(c) Juma hili tutafanya zoezi lipi pamoja, na siku gani?

Tuombe: Ee Mungu Muumba wetu, uliyetupa macho, masikio na mikono, utufundishe sisi wakubwa kwenda polepole pamoja na watoto wetu, ili tuzione kazi zako, tuzitunze, na kukushukuru, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.