Kupima Dawa kwa Mizani ya Haki

Soma: Mithali 11:1, Matendo 1:23-26

Mtu akinywa dawa na kupona, husema, "Dawa hii imeniponya." Labda ni kweli. Lakini wengine hupona hata bila dawa. Basi munganga atajuaje? Anapaswa kupima, na kabla ya kupima anapaswa kuangalia mizani yenyewe. Mwenye kununua mchele sokoni huangalia kwanza kama mizani inasimama sawa ikiwa tupu. Ikiwa ni ya uongo, hesabu nzuri haitamsaidia.

Tuangalie jambo lililofanyika kwetu Congo. Mwaka 2018 ugonjwa wa Ebola ulitokea Kivu ya Kaskazini. Tangu Novemba mwaka ule dawa zilipimwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kinshasa alikuwa mmoja wa wakuu wa kazi hiyo. Dawa zilikuwa nne: ZMapp, remdesivir, MAb114 na REGN-EB3. Waliuliza: ni wagonjwa wangapi watakufa kabla ya siku 28 kwisha? Angalia sasa jinsi walivyolinda mizani.

1. Je, makundi yalikuwa sawa mwanzoni? Kati ya watu waliopewa ZMapp, wenye virusi vingi katika damu walikufa karibu 85 kwa 100. Wenye virusi vichache walikufa karibu 25 kwa 100. Dawa ni ile ile! Kama dawa moja ingepewa walio hoi, na nyingine walio na nguvu, tungesifu dawa bure. Kwa hiyo walitenga kwanza wagonjwa kwa kipimo cha damu na kwa mahali, kisha wakapiga kura. Munganga hakuchagua kwa upendeleo.

2. Je, wakati ulikuwa mmoja? REGN-EB3 ilianza nyuma ya zile nyingine. Utunzaji na ugonjwa huweza kubadilika mwezi kwa mwezi. Kwa hiyo watu wake 155 walilinganishwa tu na watu 154 wa ZMapp walioingia tangu wakati ule, si na wale wa kwanza.

3. Je, wote wamehesabiwa? Mtu akificha waliokufa siku ya kwanza, dawa yake itaonekana nzuri. Huo ni wizi. Kila mgonjwa huhesabiwa katika kundi alilopewa kwa kura, na mara moja tu.

4. Je, si bahati tu? Ukirusha sarafu mara nne, huweza kuanguka upande mmoja zote nne. Ukirusha mara mia, haitakuwa hivyo. Kwa hiyo wengi wanahitajiwa, na sheria ya kusimamisha kazi huandikwa mbele, si baada ya kuona matokeo.

Tarehe 9 Agosti 2019 kazi ilisimamishwa, maana tofauti ilikuwa wazi. Kati ya wale 154 wa ZMapp, 79 walikufa. Kati ya 155 wa REGN-EB3, 52. MAb114 nayo ilisaidia: 61 walikufa kati ya 174, na kwa ZMapp yote 84 kati ya 169. Tangu hapo wagonjwa walipewa hizo mbili bora. MAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995.

Ndugu, ukiombwa kuingia katika kipimo kama hicho, usidhani kura ni dharau. Hupigwa kwa sababu hakuna anayejua bado dawa iliyo bora. Mitume nao walipiga kura juu ya Mathiya. Uliza maswali yako yote. Una ruhusa ya kukataa, na hata hivyo utatunzwa. Lakini usikawie nyumbani: katika Ebola, waliofika mapema walipona wengi zaidi.

MASWALI
1. Kwa nini munganga hakuchagua mwenyewe nani apewe dawa gani?
2. Kwa nini watu wa kwanza wa ZMapp hawakulinganishwa na wale wa REGN-EB3?
3. Mtu akikuuzia dawa akisema, "Watu kumi wamepona," utamwuliza nini?